Kutoka lokole hadi bafle: historia ya sauti kwenye meli za mto wetu

KABONDO, KISANGANI. 

Wiki hii nilipita kwa fundi mmoja wa redio katika kata yetu. Mbele ya mlango wake kulikuwa bafle nne kubwa za mbao, ndefu kama mtoto wa miaka kumi. Mwenye balenieri moja inayofanya safari za upande wa Isangi alikuwa amezileta ili zifungwe juu ya paa la chombo chake. Alitaka jambo moja tu: sauti ifike mbali. Fundi akamwuliza: "Ifike mbali kwa nani, mukubwa? Kwa watu wa bichi ao kwa abiria wako?" Yule mwenye chombo alicheka, hakujibu. Mimi nilienda nyumbani na swali hilo, kwa sababu kwenye mto huu watu wamekuwa wakilijibu tangu zamani sana, kila kizazi kwa namna yake.

Kabla ya bafle kulikuwa lokole. Vijana wa leo wanaiona kwenye sherehe ao mbele ya kanisa, wanafikiri ni ngoma ya kuchezea tu. Lokole ni gogo la mti lililochimbwa ndani kwa kupitia mwanya mwembamba, na kingo mbili za mwanya huo hazikuchimbwa sawa: upande mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine sauti ya chini. Lugha za huku kwetu, kama Kilokele, nazo zina sauti za juu na za chini ndani ya maneno. Basi mpigaji anafuata mapigo ya maneno yenyewe, na mwenye kujua anasikia sentensi. Shida ni kwamba maneno mengi yana mapigo yaleyale. Kwa hiyo lokole haisemi neno moja tu, inasema maneno mengi yanayozunguka jambo moja mpaka msikilizaji asiwe na mashaka. Habari ya kifo, ya soko, ya mgeni anayekuja, kila moja ilikuwa na maneno yake marefu, na kila mtu mkubwa wa kijiji alikuwa na jina lake la lokole.

Stanley aliyajua hayo kwa hasara yake. Mwaka 1877, alipokuwa anashuka na mto kutoka maporomoko ya Wagenia, habari yake ilikuwa inamtangulia kila mahali. Tarehe 1 Februari alipofika pale Aruwimi inapoingia mto mkubwa, karibu na Basoko ya leo, alikuta mitumbwi mingi ya vita inamngoja. Hakuna mtumbwi ambao ungeweza kukimbia kuliko sauti ile.

Mtu aliyeandika vizuri zaidi juu ya lokole ni John Carrington, mmisionari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza, aliyefika Yakusu, hapo chini kidogo ya mji wetu, mwaka 1938. Alijifunza kupiga, akapewa jina lake la lokole kama Mlokele mwingine, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu ya ngoma zinazosema. Anaeleza kwamba lokole nzuri inasikika kilometa kadhaa, hasa asubuhi mapema na jioni. Wavuvi wetu wanajua sababu yake hata kama hawakusoma: saa hizo hewa iliyo karibu na maji ni baridi kuliko ile ya juu, na sauti badala ya kupotea angani inainama na kurudi chini, inateleza juu ya maji. Carrington aliona pia kwamba vijana wengi wa wakati wake hawakuwa wanajifunza tena. Kwa hiyo tusiseme ni simu iliyoua lokole. Ilianza kunyamaza mapema.

Meli za mvuke zilikuja na sauti nyingine. Joseph Conrad, yule aliyekuwa baharia kabla ya kuwa mwandishi, alifika huku kwenye maporomoko mwezi wa tisa 1890 na meli ndogo iitwayo Roi des Belges. Meli hizo zilikuwa zinakula kuni, zinasimama kila mara kupakia, na filimbi ya mvuke ndiyo iliyokuwa inawaambia watu wa kijiji: tunakuja, leteni kuni, leteni kwanga na samaki. Filimbi haisemi kama lokole. Inasema jambo moja tu: mimi hapa. Hata hivyo ilitosha, na mpaka leo sehemu kubwa ya kelele za mto huu ina kazi hiyohiyo ya kuita wateja.

Muziki wenyewe ulipanda meli kwa mikono ya wafanyakazi. Hapa lazima nimtaje Wendo Kolosoy, kwa sababu wengi wanajua wimbo wake na hawajui kazi yake. Alizaliwa 1925 upande wa Mushie, na katika miaka ya 1940 alikuwa mekanisie kwenye meli za Otraco, kampuni ya serikali ya kikoloni ambayo baadaye ikaitwa Onatra na leo ni SCTP. Alikuwa anatengeneza mashini na kupiga gitaa, akipanda na kushuka na mto. Mwaka 1948, pamoja na Henri Bowane, alirekodi "Marie-Louise" kwa Ngoma, nyumba ya sahani ya Mgiriki Nicolas Jeronimidis kule Léopoldville. Watu walisema ukiupiga wimbo huo usiku wa manane unaamsha wafu. Inasimuliwa kwamba mapadri walikasirika, kwamba Wendo alilazimika kuondoka Léopoldville, na hata kwamba Wabelgiji walimfunga kidogo hapa Stanleyville. Alikufa Kinshasa mwaka 2008. Wakati UNESCO ilipoandika rumba ya Congo zote mbili katika urithi wa ulimwengu, mwezi wa kumi na mbili 2021, watu wa Kinshasa walifurahi kana kwamba ni yao peke yao. Mimi nasema rumba ilikua kwenye sitaha za meli pia, ikinuka mazutu na makayabo.

Wakati huo bafle kama tunayoijua ilikuwa bado changa. Mwaka 1915 mafundi wawili kule California, Jensen na Pridham, walionyesha watu baragumu ya umeme iliyosikika mbali katika mji. Mwaka 1925 Wamarekani wengine wawili, Rice na Kellogg, walieleza namna ya kutumia koni ya karatasi inayosukumwa na koili ndani ya sumaku. Fungua bafle yoyote kwenye soko letu leo, utakuta ni kitu kilekile: sumaku, koili, koni. Kilichobadilika ni ampli. Ampli za zamani zilikuwa na taa za kioo zinazokula umeme mwingi, ndiyo maana ni meli kubwa zenye jenereta tu zilizoweza kuwa nazo. Redio za tranzista zilipofika, mfanyabiashara mdogo akaweza kubeba sauti yake mwenyewe na mawe manne ya batri.

Wazee wetu wanapozungumza juu ya meli wanataja Colonel Ebeya. Hiyo ilikuwa meli ya Onatra, inasukuma baji zilizojaa watu na mali, kati ya Kinshasa na Kisangani, safari ya zaidi ya kilometa 1,700. Ndani yake kulikuwa baa, kulikuwa bia, na bafle za baa hazikunyamaza. Mitumbwi ilikuwa inafuata muziki ule kutoka mbali, inajifunga ubavuni, wanapandisha mamba, nyani wa kukaushwa, samaki, mafuta ya mawese, wanashuka na sabuni, chumvi na vitenge. Lakini meli ile ilikuwa na kitu kingine ambacho watu wanasahau: ilikuwa na chumba cha komanda, na komanda alikuwa na njia yake ya kuzungumza na abiria. Muziki ulikuwa wa baa. Sauti ya amri ilikuwa ya komanda.

Halafu vita. Kutoka 1998 mto ulikatwa vipande, upande huu kwa waasi, upande ule kwa serikali. Mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wetu, na wakaaji wa Kisangani hawahitaji mimi niwaeleze sauti walizozisikia siku hizo. Bandari ikabaki kimya, meli zikaota kutu. Tarehe 25 Februari 2002 Redio Okapi ilianza kusikika, na mtu wa Kisangani akaweza kusikia habari za Mbandaka na Kinshasa wakati hakuna meli yoyote ingeweza kwenda huko. Sauti ilipita mstari wa mbele zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mizigo. Ilipofika 2003 ndipo safari za biashara zilipoanza tena mpaka hapa kwetu.

Na zilipoanza, meli za zamani hazikurudi kama zamani. Nafasi yao ilichukuliwa na balenieri, vyombo vya mbao vilivyotengenezwa kwenye kingo za mto, na mashini ndogo nyuma. Hakuna baa, hakuna chumba cha komanda. Kuna mali chini, watu juu ya mali, na paa la maturubai ao mabati. Muziki ukahamia huko. Mwanzo ilikuwa redio ya mwenye chombo. Kisha ikaja ampli ya gari, kadi ya kumbukumbu yenye nyimbo elfu, batri ya lori, na sasa pano ya jua juu ya paa. Katika miaka isiyofika ishirini, balenieri masikini kabisa imepata nguvu ya sauti ambayo meli ya Otraco haikuwa nayo.

Nguvu hiyo inachaguliwaje? Nilirudi kwa fundi na daftari. Aliyonieleza yanafaa kujulikana na kila mwenye chombo, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

La kwanza ni mahali. Nyumbani kuta zinarudisha sauti, ndiyo maana bafle ndogo inajaza chumba. Juu ya mto hakuna kuta. Kila ukienda mbali mara mbili, sauti inashuka desibeli 6, na besi ndiyo inayopotea ya kwanza. Mtu anaona besi imekwisha, anaongeza bafle nyingine, anaongeza tena, na mto unazimeza zote. Pesa nyingi zinakwenda majini kwa njia hiyo.

La pili ni karatasi. Koni ya karatasi inakunywa unyevu wa mto, inalegea, inapasuka ndani ya misimu miwili ya mvua. Zile za plastiki zinavumilia, na pete ya mpira inashinda pete ya sponji ambayo jua linaila. Bei inapanda, ni kweli. Misumari ya chuma cha kawaida nayo inaota kutu na kuachia mzigo. Fundi anataka bolti zisizoota kutu, zipite ndani ya ubao na kukazwa upande wa pili na nati.

La tatu ni hesabu, na hapa wengi wanaunguza ampli. Bafle inaandikwa nyuma omu 8 ao omu 4. Ukifunga mbili za omu 8 pamoja, plasi na plasi, minusi na minusi, ampli inaona omu 4. Ukifunga nne, inaona omu 2, na ampli nyingi za bei ndogo zinachemka hapo. Ukigeuza plasi na minusi kwenye bafle moja tu, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi inapotea. Watu wanasema bafle imelogwa. Ni waya tu.

Batri je? Ampli inayovuta wati 100 kwenye volti 12 inakula zaidi ya amperi 8. Batri ya lori ya amperi-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu kama unataka ikae. Nusu ni 50. Gawa kwa 8, unapata karibu saa sita. Pano ya jua ya wati 100, jua likiwa kali, inarudisha amperi 5 ao 6 tu, na mawingu ya Tshopo mnayajua. Maana yake ni kwamba chombo kinachopiga muziki mchana kutwa kinafika jioni bila moto wa kuwasha taa. Na taa ndiyo inayokuonyesha kwa chombo kingine.

Fundi aliongeza jambo la fyuzi, na hapo hakucheka tena. Waya unaotoka kwenye batri lazima uwe na fyuzi karibu kabisa na batri, urefu wa kiganja, si kule mbele kwenye ampli. Waya ukichubuka katikati, ukagusana na mwingine, fyuzi iliyo mbali haitakusaidia. Kwenye balenieri waya huo unapita kati ya magunia, karibu na bidoni za esansi na mbabula za wapishi. Mwezi wa nne 2025 karibu na Mbandaka, chombo HB Kongolo kilishika moto, na ilielezwa kwamba ulianzia kwa mtu aliyekuwa anapika. Watu wengi walikufa. Haikuwa waya safari hiyo. Lakini mbao ni zilezile, na esansi ni ileile.

Sasa uzito. Bafle nne kama zile nilizoziona zina uzito wa mtu mzima ao wawili. Chini, kati ya mali, si kitu. Juu ya paa, pamoja na vijana wanaokwenda kukaa hapo kwa sababu muziki uko hapo, ni jambo lingine. Chombo kinakuwa na kichwa kizito. Kila mwenye mtumbwi anajua kwamba anayesimama ndiye anayepindua.

Nitawaambia kilichonipata, bila kutaja chombo wala mwenye chombo. Nilikuwa natoka Isangi, jioni inaingia. Bafle mbili zilikuwa mbele, zinatazama nje, kwenye vijiji. Kigogo kilichozama kikatugonga ubavuni. Komanda aliye nyuma kwenye mashini alipiga kelele watu wakae chini, wasihamie upande mmoja. Hakuna aliyemsikia. Mimi nilikuwa mita kumi kutoka kwake, nikaona mdomo wake unafunguka, lakini nilisikia gitaa. Watu walihamia upande wa kugongwa kutazama, chombo kikalala, magunia kadhaa yakaenda. Mtu mmoja alikata waya wa bafle kwa panga, na ndipo tukasikia tunaambiwa nini. Hakuna aliyekufa. Mama mmoja alipoteza mihogo yote aliyokuwa amenunua kwa mkopo, na alilia mpaka bichi.

Kwa hiyo nikarudi kwenye swali la fundi, kwa nani? Lokole ilikuwa na mtu mmoja anayepiga, na kijiji kizima kilijua ni nani. Filimbi ilikuwa mkononi mwa nahodha. Kwenye balenieri ya leo, kitufe cha sauti kiko mikononi mwa kijana anayeita abiria, na yule anayeona hatari hana chochote ila koo lake.

Dawa yake si ghali. Baragumu, ile mnayoiona juu ya msikiti na kwenye magari ya kampeni, ina ufanisi mkubwa kuliko bafle ya sanduku. Sanduku la kawaida linageuza karibu asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti. Baragumu inafika 10 na zaidi. Ina maana baragumu ya wati 20 inashinda sanduku la wati 100 kwa kusema, ingawa muziki wake ni mbaya kama wa simu. Haina besi, na maneno ya mtu hayahitaji besi. Ifungwe nyuma, itazame abiria kwa urefu wa chombo, mikrofoni iwe karibu na mkono wa komanda, na swichi moja inayozima muziki anapoishika. Plastiki nyepesi, haizidishi kichwa cha chombo.

Nayaandika haya nikiwafikiria kwanza nyinyi mliohama. Tangu Februari 2023, wakati mapigano ya Wambole na Walengola yalipoanza upande wa Lubunga, wengi mlivuka mto na watoto mgongoni, na wengine mnavuka tena kila juma kutazama mashamba ao kutafuta ndugu. Wengi wenu ni watu wa ndani ya msitu, hamkukulia kwenye meli. Mtu wa mto anajua bila kuambiwa kwamba chombo kikigonga unakaa palepale. Mtu asiyejua lazima aambiwe, na aambiwe kwa lugha anayoisikia. Kutoka hapa kushuka chini Lingala ndiyo inayotawala kwenye vyombo. Kule juu, baada ya reli ya kilometa 125 ya Ubundu, kwenye Lualaba mpaka Kindu, ni Kiswahili. Komanda anayetoka Kisangani aseme vyote viwili, na aseme mara mbili tatu kama lokole ilivyokuwa inafanya. Wakubwa wa serikali wametangaza mara nyingi kukataza safari za usiku kwa balenieri, na abiria wana haki ya kuuliza kabla ya kulipa: tutafika saa ngapi, makoti ya kuokoa yako wapi, na nani anatusemesha kukiwa na hatari?

Jana nilipita tena kwa fundi. Bafle mbili kati ya nne zilikuwa bado mlangoni, mwenye chombo amemwambia aziuze. Zile nyingine zimewekwa chini, zinatazama ndani. Kuhusu baragumu, walikuwa bado wanabishana bei, fundi anataka malipo ya waya mpya na fyuzi, mwenye chombo anasema waya wa zamani bado una afya. Niliwaacha hapo. Chombo kinaondoka siku ya soko, na nimemwambia fundi nitakwenda bichini kusikiliza.